Waziri Mkuu anayeingia katikati ya muhula achaguliwe na wabunge

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huelezwa isivyo sahihi kila Uingereza inapobadilisha Waziri Mkuu bila wananchi kwenda vituoni kupiga kura. Rishi Sunak alipoteuliwa na Mfalme Charles III tarehe 25 Oktoba 2022, wengi wetu Afrika Mashariki tulishughulika zaidi na asili yake, kwa kuwa baba yake alizaliwa Kenya na mama yake alizaliwa Tanganyika, na furaha hiyo haikuwa na ubaya wowote. Lakini sambamba na furaha hiyo yalisikika maneno mengine, ambayo ningali nayasikia katika mabaraza ya kahawa na kuyasoma magazetini, kwamba huyo alikuwa kiongozi asiyechaguliwa na mtu, aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Ninaamini lawama hiyo imeelekezwa mahali pasipostahili. Uingereza ilibadilisha Waziri Mkuu mara mbili mwaka ule. Mabadiliko yaliyokuwa na kasoro ni yale ya kwanza, yaliyompa Liz Truss uongozi kwa kura za makumi ya maelfu ya wanachama wa chama chake, wala si yale ya pili, ambayo hakuna mwanachama wa kawaida aliyeyapigia kura.

Katika mfumo wa kibunge, mwananchi hampigii kura Waziri Mkuu hata siku ya uchaguzi mkuu. Mpiga kura wa Uingereza hupewa karatasi yenye majina ya wagombea wa jimbo lake tu, na nchi nzima ina majimbo 650. Jina la kiongozi wa chama halimo katika karatasi hiyo, isipokuwa kwa wale wanaoishi katika jimbo analogombea. Kura zikishahesabiwa, Mfalme humwita mtu ambaye anaonekana kuwa anaweza kupata imani ya wabunge walio wengi, na kumwomba aunde serikali. Imani hiyo ndiyo msingi wa mamlaka yake yote. Ikiwapo, anatawala, ikimtoka, hana tena pa kusimama, hata kama chama chake kilishinda kwa kishindo miaka miwili iliyopita.

Sisi tumezoea utaratibu mwingine, na nadhani ndiyo sababu jambo hili hutuchanganya. Rais wa Tanzania huchaguliwa moja kwa moja na wananchi pamoja na mgombea mwenza wake, kwa hiyo Rais John Magufuli alipofariki dunia tarehe 17 Machi 2021, Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa siku mbili baadaye bila mashauri marefu, kwa kuwa Katiba ilikwisha kueleza nani anafuata. Uingereza haina makamu wa namna hiyo. Wapo wanasiasa waliowahi kupewa cheo cha Naibu Waziri Mkuu, lakini cheo hicho hakimpi mtu haki ya kurithi. Boris Johnson alipolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa ugonjwa wa Uviko mwezi Aprili 2020, Dominic Raab alimkaimu kwa sababu Johnson mwenyewe alimwomba afanye hivyo. Endapo mgonjwa asingepona, ingebidi chama kilichokuwa madarakani kitafute kiongozi mpya kuanzia mwanzo.

Wala kubadilishwa kwa Waziri Mkuu katikati ya muhula si jambo la ajabu katika nchi ile. Kuanzia mwaka 1945 hadi Julai 2024 uongozi wa serikali ya Uingereza ulibadilishana mikono mara 19, na kati ya hizo mara 10 hazikutokana na uchaguzi mkuu. Eden, Macmillan, Douglas-Home, Callaghan, Major, Brown, May, Johnson, Truss na Sunak wote walishika madaraka kwa mara ya kwanza wakati mtangulizi wao ni wa chama kile kile. Anayesema Sunak alikuwa kiongozi haramu, basi awaharamishe na hao wengine tisa, na historia ya nchi hiyo tangu vita kuu ya pili itabaki na mapengo makubwa.

Wasomaji wa hapa nyumbani nao wasidhani kwamba jambo hili ni la Ulaya peke yake, kwa maana sisi wenyewe tulilipitia. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilifuata mfumo huo huo wa kibunge: Malkia wa Uingereza ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, na serikali ikaongozwa na Waziri Mkuu, Julius Nyerere. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya bendera mpya kupandishwa, Nyerere alijiuzulu ili apate nafasi ya kukijenga upya chama cha TANU, na Rashidi Kawawa akashika uwaziri mkuu. Hapakuwa na uchaguzi mkuu, wala hapakuwa na haja ya kuuitisha, kwa kuwa TANU ilikuwa imepata viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa mwaka 1960, na wabunge wale wale waliomuunga mkono Nyerere ndio waliomuunga mkono Kawawa. Wala Kawawa hakuwa kaimu wa kushika kiti kisipoe. Katika uongozi wake Bunge lilipitisha sheria nzito, ikiwemo ile ya mwaka 1962 iliyoiwezesha serikali kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na maandalizi ya Katiba ya Jamhuri yalikamilishwa. Aliendelea hadi tarehe 9 Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri na Nyerere akarudi akiwa Rais baada ya kushindana na Zuberi Mtemvu katika kura ya wananchi. Mtu anaweza kuzisifu au kuzilaumu sheria za mwaka ule, lakini sijapata kusikia Mtanzania yeyote akidai kwamba Mzee Kawawa aliiba uwaziri mkuu.

Kwa hiyo swali la maana si kwa nini wananchi hawakupiga kura. Swali ni hili: kiti kinapokuwa wazi katikati ya muhula, nani ana haki ya kusema fulani ndiye anayefuata? Hapo ndipo vyama vya Uingereza vimebadili mwendo mara kadhaa, na kwa maoni yangu mabadiliko ya mwisho yaliwapoteza njia.

Zamani chama cha Conservative, ambacho ndicho cha Truss na Sunak, hakikuwa na uchaguzi wa aina yoyote. Anthony Eden alipojiuzulu Januari 1957 baada ya mgogoro wa Suez, Lord Salisbury aliwaita mawaziri mmoja mmoja akawauliza wanamtaka nani, na siku iliyofuata Malkia akamteua Harold Macmillan. Mwaka 1963 Macmillan aliugua, na Malkia alimfuata hospitalini kupokea ushauri wake. Ushauri ukawa amteue Lord Home, ambaye hakuwa mbunge bali mjumbe wa Baraza la Malodi. Ilibidi auvue ulodi na kutafuta jimbo, na kwa takriban wiki mbili Uingereza ilikuwa na Waziri Mkuu asiyekaa katika baraza lolote kati ya mawili ya Bunge lake. Fedheha ya utaratibu huo wa wakubwa kunong'onezana ndiyo iliyosababisha chama kupitisha kanuni mpya mwaka 1965, ambazo ziliwapa wabunge wake haki ya kumchagua kiongozi kwa kura ya siri. Chama cha Labour nacho wakati huo kiliwaachia wabunge kazi hiyo. Harold Wilson alipoondoka mwaka 1976, wabunge wa Labour walimchagua James Callaghan kwa kura 176 dhidi ya 137 za Michael Foot, na kazi ya serikali ikaendelea.

Mfano wa mwaka 1990 ndio unaonivutia kuliko yote, kwa sababu unaonyesha jinsi wabunge wanavyoweza kumwondoa kiongozi mwenye nguvu bila kuiyumbisha nchi. Margaret Thatcher alikuwa ameshinda uchaguzi mkuu mara tatu mfululizo. Tarehe 20 Novemba mwaka huo alipata kura 204 za wabunge wake dhidi ya 152 za Michael Heseltine, akashinda kwa hesabu ya kawaida, lakini kanuni zilidai ushindi wa tofauti kubwa zaidi na yeye alipungukiwa na kura nne. Mawaziri wake walimweleza mmoja mmoja kwamba hatashinda duru ya pili. Tarehe 22 alitangaza kuondoka, na tarehe 28 John Major akawa Waziri Mkuu. Kazi yote ilichukua siku nane. Waliomwondoa na kumweka mrithi wake walikuwa watu wale wale, nao walijua kwamba majimboni mwao wangedaiwa maelezo. Mwaka 1992 Major aliwaendea wananchi na chama chake kikapata kura zaidi ya milioni 14. Sioni jinsi mtu atakavyouita utaratibu huo wa mlango wa nyuma.

Chama cha Conservative kiliuacha mwaka 1998. Baada ya kushindwa vibaya na Tony Blair, kiongozi mpya William Hague aliwapa wanachama wenye kadi neno la mwisho: wabunge wangepunguza orodha hadi wabaki wawili, kisha wanachama wangemchagua mmoja. Nia ilikuwa njema, na chama kilikuwa upinzani, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza itakuwaje siku mshindi atakapokabidhiwa si chama tu bali dola. Hata kabla ya siku hiyo kufika, kasoro ilikwisha kujionyesha. Mwaka 2001 wanachama walimchagua Iain Duncan Smith ilhali wabunge 54 tu ndio waliokuwa wamempigia kura katika duru yao ya mwisho, na mwaka 2003 wabunge hao wakamwondoa kwa kura 90 dhidi ya 75. Michael Howard, aliyemfuata, alijaribu mwaka 2005 kuurudisha uamuzi kwa wabunge, lakini pendekezo lake halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika.

Mwaka 2016 mtihani wa kweli uliahirishwa kwa bahati. David Cameron alitangaza kujiuzulu asubuhi ya tarehe 24 Juni, baada ya wananchi kuamua kutoka Umoja wa Ulaya. Theresa May alipata kura za wabunge 199 dhidi ya 84 za Andrea Leadsom, naye Leadsom akajitoa kabla ya wanachama kupelekewa karatasi. Mwaka 2019 wanachama walipiga kura kwa mara ya kwanza kumchagua mtu ambaye angeingia moja kwa moja katika ofisi ya Waziri Mkuu, lakini Boris Johnson alikuwa tayari na zaidi ya nusu ya wabunge wa chama, 160 kati ya 313, na kwa hiyo ile nyufa haikuonekana.

Ilionekana mwaka 2022. Johnson alinusurika tarehe 6 Juni katika kura ya imani ya wabunge wake, 211 dhidi ya 148, lakini mwezi uliofuata Rishi Sunak na Sajid Javid walijiuzulu uwaziri siku moja, wakafuatwa na makumi ya wenzao, na tarehe 7 Julai akatangaza kwamba ataondoka. Wabunge walianza kupiga kura za kuchuja. Katika duru ya kwanza Liz Truss alipata kura 50 tu. Katika duru ya mwisho, tarehe 20 Julai, Sunak alipata 137, Truss 113 na Penny Mordaunt 105. Chama kilikuwa na wabunge 357, maana yake chini ya theluthi moja yao ndio waliotamka kwamba wangependa Truss awaongoze. Kisha nchi ikasubiri. Bei za nishati zilikuwa zinapanda, Johnson akiwa bado ofisini lakini hana nguvu ya kuamua jambo kubwa, na wagombea wawili wakazunguka katika kumbi za mikutano wakiwaahidi wanachama kile ambacho wanachama wanakipenda. Sunak alionya kwamba kupunguza kodi kwa mkopo kungewaumiza. Truss aliahidi kodi zitapungua. Tarehe 5 Septemba matokeo yalitangazwa: kura 81,326 dhidi ya 60,399.

Hebu tuzitazame hesabu hizo kwa makini, maana wengi huona kura za maelfu wakadhani ndiyo demokrasia pana zaidi. Wanachama waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa takriban 172,000 katika nchi ambayo wapiga kura walioandikishwa mwaka 2019 walizidi milioni 47. Hakuna aliyewachagua wanachama hao wawe wapiga kura kwa niaba ya wengine. Sifa yao ni kwamba wamelipa ada. Wabunge wa chama hicho, kwa upande wao, walitokana na kura karibu milioni 14 zilizopigwa mwaka 2019. Mbunge mmoja akisema namtaka huyu simtaki yule, nyuma yake kuna jimbo zima litakalomhukumu. Mwanachama akikosea, hahukumiwi na mtu. Kwa kipimo chochote cha uwakilishi, wabunge 357 waliwakilisha Waingereza wengi zaidi kuliko wanachama 172,000.

Yaliyofuata yanajulikana. Truss aliteuliwa tarehe 6 Septemba huko Balmoral na Malkia Elizabeth II, aliyefariki siku mbili baadaye. Tarehe 23 Septemba Waziri wake wa Fedha, Kwasi Kwarteng, alitangaza mpango wa kupunguza kodi wa takriban pauni bilioni 45 bila kueleza pengo hilo litazibwa na nini. Pauni ilishuka dhidi ya dola ya Marekani hadi kiwango ambacho haikuwahi kukifikia, na Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kununua hati fungani za serikali ili kuiokoa mifuko ya pensheni. Kwarteng alifukuzwa tarehe 14 Oktoba, na tarehe 20 Truss mwenyewe akatangaza kujiuzulu. Sisemi kwamba kiongozi aliyechaguliwa na wabunge hawezi kutangaza bajeti mbaya. Ninachosema ni kwamba kiongozi mwenye wabunge wengi nyuma yake angeonywa mapema na watu ambao hawezi kuwapuuza, na mambo yalipoharibika angekuwa na wa kumkinga. Truss hakuwa na maonyo wala kinga. Sera yake ilitungwa kwa ajili ya watu ambao hawakuwamo bungeni, naye alitakiwa kuipitisha mbele ya wabunge ambao theluthi mbili yao walikwisha kumkataa mwezi Julai.

Mwezi Oktoba wabunge waliufupisha utaratibu. Mgombea alitakiwa kudhaminiwa na wabunge wasiopungua 100. Johnson alijiondoa tarehe 23, Mordaunt akajiondoa tarehe 24 saa ya mwisho, na Sunak, aliyekuwa ameungwa mkono hadharani na karibu wabunge 200, akabaki peke yake. Huyo ndiye anayeitwa asiyechaguliwa na mtu. Aliongoza kwa muda wa miezi 20, akaitisha uchaguzi, na tarehe 4 Julai 2024 wananchi wakakipa chama chake viti 121 tu na kumwondoa. Wananchi hawakupokonywa chochote. Walipewa nafasi yao ya kuhukumu, wakaitumia.

Nimewahi kujibiwa kwamba wanachama ndio wanaopita nyumba kwa nyumba kuomba kura, na kwamba kuwanyima sauti ni kuwadharau. Hoja hiyo ina uzito nami siipuuzi. Chama kikiwa upinzani, wanachama na wachague wanavyotaka. Muda upo, na kosa lao litakigharimu chama peke yake. Lakini chama kikishakuwa serikali, kiongozi wake si mali ya chama tena. Wanachama wangeweza kutoa maoni yao kwanza, wabunge wakamaliza, badala ya mpangilio wa sasa ambapo wabunge huanza na wanachama wakamaliza. Na kama chama kitashikilia kwamba wanachama lazima wawe na neno la mwisho, basi mshindi awaendee wananchi bila kuchelewa, kama alivyofanya Mark Carney wa Kanada, ambaye alichaguliwa na wanachama wa chama cha Liberal tarehe 9 Machi 2025, akaapishwa tarehe 14 hali hata si mbunge, na kufikia tarehe 28 Aprili nchi ikawa imepiga kura.

Wapo pia wanaotaka kila Waziri Mkuu mpya alazimike kuitisha uchaguzi mkuu. Napinga kuifanya hiyo iwe sheria kwa wote. Mbunge anayejua kwamba kumwondoa kiongozi mbovu kutamlazimu yeye mwenyewe kurudi jimboni mwezi ujao atamvumilia kiongozi huyo hata nchi ikiharibika, na Waziri Mkuu mjanja atalitumia tishio hilo kuwafunga wenzake midomo. Uingereza ya Mei 1940 ilimwondoa Neville Chamberlain siku mbili tu baada ya mjadala wa kushindwa kwao Norwei, ambapo alishinda kwa kura 281 dhidi ya 200 lakini akapoteza heshima, na Winston Churchill akaingia siku ile ile majeshi ya Ujerumani yalipovamia Uholanzi na Ubelgiji. Nani angesema wasubiri kwanza kampeni?

Hoja iliyo nzito zaidi dhidi yangu inatoka Australia, na lazima niikabili. Huko wabunge peke yao ndio waliokuwa wakiamua, na waliamua kupita kiasi. Julia Gillard alimwondoa Kevin Rudd Juni 2010, Rudd akamwondoa Gillard Juni 2013, Malcolm Turnbull akamwondoa Tony Abbott Septemba 2015 kwa kura 54 dhidi ya 44, na Agosti 2018 Turnbull naye akaangushwa, Scott Morrison akamshinda Peter Dutton kwa kura 45 dhidi ya 40. Wananchi walichoka, na walikuwa na haki ya kuchoka, kwa sababu baadhi ya mapinduzi hayo yalitokana na takwimu za kura za maoni za wiki kadhaa tu. Lakini tazama dawa waliyoitumia. Chama cha Labor mwaka 2013 na chama cha Liberal mwaka 2018 vyote vilipandisha idadi ya wabunge wanaohitajika kumng'oa Waziri Mkuu aliye madarakani. Liberal waliweka theluthi mbili. Ugonjwa ulikuwa katika wepesi wa kumwondoa kiongozi, na hapo ndipo pa kuweka kizuizi. Ni kweli pia kwamba chama cha Labor kiliwapa wanachama nusu ya uzito wa kura, na hapo mimi sikubaliani nao kwa sababu nilizokwisha kuzieleza.

Wajerumani walilifikiria jambo hili kwa kina kuliko wote, kwa kuwa waliwahi kuona Bunge ambalo liliweza kuangusha serikali lakini likashindwa kuunda nyingine. Katiba yao ya mwaka 1949, ibara ya 67, inasema Bunge haliwezi kumwondoa Kansela, yaani mkuu wa serikali yao, isipokuwa kwa kura ile ile linayomchagulia mrithi. Aprili 1972 Rainer Barzel alijaribu kumwondoa Willy Brandt akapungukiwa na kura mbili. Tarehe 1 Oktoba 1982, baada ya chama cha FDP kuivunja serikali ya mseto, Helmut Kohl alichaguliwa kwa kura 256 na Helmut Schmidt akaondoka siku hiyo hiyo. Machi 1983 Kohl akawaendea wananchi akashinda. Hispania iliiga kanuni hiyo, na Juni 2018 Pedro Sánchez alimrithi Mariano Rajoy kwa kura 180 dhidi ya 169. Katika nchi hizo hakuna mwezi hata mmoja wa kubahatisha nani ana imani ya Bunge, kwa sababu Bunge lenyewe limesema kwa hesabu.

Uingereza haina kura ya namna hiyo. Mfalme humteua kiongozi mpya kwa kudhania kwamba chama chake kitamuunga mkono, na dhana hiyo haipimwi mpaka siku upinzani utakapoleta hoja ya kutokuwa na imani. Inashangaza kwamba Scotland, iliyo ndani ya Uingereza hiyo hiyo, ina utaratibu ulio bora. Humza Yousaf alichaguliwa na wanachama wa chama cha SNP mwezi Machi 2023, lakini hakuwa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya Scotland, mpaka Bunge la Scotland lilipompigia kura naye akapata 71. Alipojiuzulu mwaka uliofuata, John Swinney naye alipita mlango huo huo, kwa kura 64. Pendekezo langu kwa wanaojadili Katiba ya Uingereza ni hilo tu: mtu yeyote anayechukua uwaziri mkuu katikati ya muhula, awe amechaguliwa na chama chake kwa njia gani, asimame kwanza mbele ya wabunge 650 na apigiwe kura. Kama kura hiyo ingekuwapo Septemba 2022, wabunge wa Conservative wangelazimika kusema hadharani, kwa majina yao, kama wanamkubali mtu ambaye wengi wao hawakumtaka.

Sisi Watanzania tunacho kifungu cha namna hiyo, ingawa Waziri Mkuu wetu ana madaraka tofauti kwa kuwa yuko chini ya Rais. Ibara ya 51 ya Katiba yetu inasema anayeteuliwa na Rais hawezi kushika madaraka mpaka uteuzi wake uthibitishwe na Bunge kwa kura za wabunge walio wengi. Edward Lowassa alipojiuzulu Februari 2008 kutokana na sakata la Richmond, jina la Mizengo Pinda lilipelekwa Dodoma na wabunge wakalipigia kura kabla hajaapishwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, na kwa waandishi wako wa habari za kimataifa ni kwamba, kila Waziri Mkuu atakapobadilishwa katika nchi yenye mfumo wa kibunge, habari yenu isiishie kusema kwamba wananchi hawakupiga kura. Mtuambie ni wabunge wangapi waliomuunga mkono huyo anayeingia, kati ya wangapi, na kama kura hiyo ilipigwa ndani ya Bunge au katika vikao vya chama peke yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wa gazeti lako,
Tanga